Mwacheni Tumbili wa Gitaru

Kwanza hakuwa nyani. Nyani ni yule mkubwa mwenye uso mrefu kama wa mbwa, yule anayekupokonya ndizi barabarani mchana kweupe. Yule wa Gitaru alikuwa tumbili, kitu kidogo tu, na tangu 2016 tumembebesha lawama za nchi nzima.

Stori mnaijua. Tarehe 7 Juni 2016 alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, pale Mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mashine zingine za kituo zikalemewa, nazo zikajizima. Megawati zaidi ya 180 zikapotea kwa mpigo, na gridi yote ikaanguka. Kenya nzima giza, zaidi ya saa tatu. KenGen wakatoa taarifa, picha ya mshukiwa ikasambaa, mwenyewe akapona na akachukuliwa na watu wa KWS. Tangu siku hiyo stima ikipotea nchi nzima, tumbili anarudi mtandaoni kabla hata hujapata mshumaa. Mimi pia nimewahi kufanya video yake. Nilijifunga mkia wa kamba. Ilifanya vizuri sana, asanteni.

Lakini sai naona aibu na hiyo video, juu nimegundua ule utani unalinda watu.

Hebu fikiria umeacha sufuria ya chai ukingoni mwa meza, paka akapita, akaimwaga. Mama yako hatauliza paka chochote. Atauliza ni nani aliweka sufuria hapo. Na ukimwambia "ni paka", wewe unajua kitakachofuata.

Sasa kuna mzee amelifanya hilo swali la mama yako kuwa kazi yake ya maisha. Anaitwa Roy Billinton, profesa wa uhandisi wa umeme. Alizaliwa Leeds, Uingereza, akahamia Kanada akiwa kijana, akasomea Chuo Kikuu cha Manitoba, kisha akafanya kazi Manitoba Hydro, kampuni ya umeme ya lile jimbo, upande wa mipango. Mwaka 1964 akajiunga na Chuo Kikuu cha Saskatchewan, mjini Saskatoon, akapata PhD yake hapo 1967, na ni hapo hapo alijenga jina lake lote. Saskatoon ni mahali Januari inaweza kushuka hadi digrii 30 chini ya sifuri na zaidi. Stima ikipotea huko hauposti meme, unatafuta blanketi ya tatu.

Kama unangoja sehemu ya kusisimua, haipo. Huyu mtu hana skendo, hakuanzisha kampuni ya mabilioni, hakuvumbua balbu. Alikaa miongo na miongo akiuliza kitu kimoja: umeme ukipotea, ulikuwa na uwezekano gani wa kupotea, na nani aliuacha uwezekano huo ukae hapo? Leo IEEE, kile chama kikubwa cha mainjinia wa umeme duniani, kina tuzo ya kutegemeka kwa umeme yenye jina lake.

Ili uone kwa nini ni kitu kikubwa, lazima ujue watu wa mipango walikuwa wanafanya nini zamani, na wengine bado wanafanya. Walikuwa wanakadiria kwa jicho la uzoefu. Mahitaji ni haya, ongeza asilimia fulani juu iwe akiba, au weka akiba ya kutosha kuziba pengo la mashine kubwa kuliko zote ikizima. Basi. Inasikika poa. Billinton hakuwa wa kwanza kusema hiyo haitoshi, kuna wengine walishaandika hesabu za uwezekano miaka ya 1940. Kazi yake ilikuwa kuzitoa hizo hesabu kwa makaratasi ya wachache na kuzifanya somo zima, lenye kitabu (cha kwanza kilitoka 1970) na lenye wanafunzi waliotoka hapo wakaenda kuwa maprofesa kwingine.

Wacha nikuonyeshe kwa namba. Usikimbie, ni hesabu ya kidato cha pili.

Chukua mji unaohitaji megawati 100 saa zote, usiku na mchana. Mpango wa kwanza: unanunua mashine mbili, kila moja ya megawati 100. Mpango wa pili: unanunua nne, kila moja ya megawati 50. Mashine zote zina tabia moja, kila moja huwa imelala mbovu asilimia 5 ya wakati. Kwa karatasi hii mipango ni mapacha. Yote ina megawati 200. Yote ina akiba ya asilimia mia moja. Mheshimiwa akija kukata utepe atasoma hotuba ile ile.

Sasa piga hesabu. Kwa mpango wa kwanza, mji unakosa stima zile mashine mbili zikilala pamoja: 0.05 mara 0.05, ni 0.0025. Mwaka una saa 8,760. Zidisha, unapata karibu saa 22 za giza kila mwaka. Kwa mpango wa pili, shida inakuja mashine tatu au zote nne zikilala kwa wakati mmoja, na ukimaliza kuzidisha unapata karibu saa 4 tu. Na hata ndani ya hizo saa 4, karibu kila mara kuna mashine moja bado inanguruma, kwa hivyo nusu ya mji iko na stima.

Megawati ni zile zile. Giza ni mara tano.

Kwa hivyo mtu akisimama na kusema dawa ya stima kupotea ni megawati zaidi, mimi sai namuuliza: megawati gani, za mashine ngapi, zinategemea laini ngapi, na moja ikilala nini kinafuata? Megawati ni rahisi kukatia utepe. Uwezekano haukatiwi utepe. Hakuna mwanasiasa atakayepigwa picha akizindua saa 18 ambazo giza halikutokea.

Na hapo juu nimedanganya kidogo. Nimezidisha 0.05 mara 0.05 kama kwamba zile mashine hazijuani. Kwa maisha ya kawaida vitu huharibika kwa makundi. Upepo ukija hauangushi nguzo moja halafu ukaenda kupumzika. Billinton alilishughulikia hili mapema: mwaka 1968, yeye na mwenzake Bollinger walichapisha hesabu za laini za umeme zinazotenganisha wakati wa hali nzuri ya hewa na wakati wa dhoruba, kwa sababu ukichanganya hizo mbili upate wastani mmoja, unajidanganya. Laini mbili ambazo kwa mwaka mzima ni nadra kuanguka pamoja zinaweza kuanguka pamoja usiku mmoja wa dhoruba.

Waulize watu wa Texas. Februari 2021 baridi kali iliingia, visima vya gesi vikaganda, mitambo ya umeme ikaganda, vyote kwa wakati mmoja, na mamilioni wakakaa siku kadhaa bila umeme. Jimbo lenyewe baadaye lilihesabu vifo 246. Wakuu walisema ni baridi ambayo haijawahi kuonekana. Kumbe 2011 baridi ilikuwa imewapiga vilevile, na ripoti ikaandikwa ikiwaambia wafunike mitambo yao dhidi ya baridi. Miaka kumi sufuria ilikaa ukingoni mwa meza, halafu wakamlaumu paka.

Sasa sikiliza hapa, juu hapa ndipo mimi nilipata hasira. Huyu profesa hasemi stima isipotee kabisa. Hakuna gridi ya hivyo duniani, na ingekuwepo usingeweza kununua tokeni zake. Sehemu kubwa ya Amerika Kaskazini wana kipimo cha zamani: mitambo ipangwe kiasi kwamba upungufu wa umeme usitarajiwe zaidi ya siku moja kwa miaka kumi. Siku moja, miaka kumi. Hiyo haikuteremka kutoka mbinguni, ni namba ambayo watu walikaa wakachagua. Wangeweza kuchagua siku moja kwa miaka mitano, ikawa nafuu. Wangeweza kuchagua miaka ishirini, ikawa ghali. Yaani kiwango cha giza ni uamuzi. Kina bei, na kina mtu aliyekikubali.

Sasa wewe niambie. Ya kwetu ni ngapi? Umewahi kusikia kiongozi yeyote akisema kwa sauti, "tumekubaliana giza la kiasi hiki, kwa bei hii"? Sisi huambiwa "hitilafu ya kimitambo". Hitilafu! Hiyo ni kama kwenda hospitali ukiwa mgonjwa na daktari akuambie una ugonjwa.

Na bei ya giza unaijuaje? Hapa ndipo nilimpenda mzee. Yeye na wenzake pale Saskatchewan, hasa mmoja anaitwa Wacker, walifanya kitu rahisi ambacho wenye makampuni wengi hawakukifikiria: waliuliza wateja. Waliandaa hojaji, wakapelekea watu wa nyumbani, wenye maduka, viwanda, hadi wakulima. Stima ikipotea saa moja, unapoteza nini? Ikipotea saa nne je? Asubuhi, au jioni? Majibu yakageuzwa kuwa pesa, na pesa ikawekwa kwa hesabu. Ukishafanya hivyo huwezi tena kusema laini ya pili ni ghali bila kusema ghali kwa nani. Labda ni ghali kwa kampuni, lakini kukosa hiyo laini ni ghali zaidi kwa wenye maduka wote wa huo mtaa ukiwajumlisha. Gharama haikupotea. Ilihamishwa tu kutoka kwa vitabu vya mtu mkubwa ikaingia kwa mfuko wa mtu mdogo, na mtu mdogo hana vitabu.

Kwetu hiyo gharama iko wapi? Iko kwa jenereta ya duka la nyama. Iko kwa vifaranga wa siku tatu waliokufa baridi juu balbu ilizima. Iko kwa msichana aliyekuwa amebakisha swali moja kwa mtihani wa mtandaoni. Hakuna aliyetuletea hojaji, kwa hivyo kwa hesabu za wakubwa sisi tunapoteza sifuri.

Najua mtaniambia dropout anasifu profesa. Ni kweli niliacha chuo na sijarudi, na sijakuja kumuuzia mtu digrii. Lakini kuna ule ujinga tunauuza hapa mtandaoni, ati msomi ni mtu aliyeshindwa na maisha, ati kama huna gari kubwa basi akili yako haina kazi. Nimeuuza huo ujinga mimi pia. Halafu najirekodi kwa taa ya stima, kwa simu iliyochajiwa na stima, napandisha video kwa intaneti inayotegemea stima, nikiwaambia watu utafiti hauna maana.

Kuna kitu kingine kuhusu huyu mzee. Mwaka 1989 yeye na wenzake walitoa gridi ndogo ya kufundishia. Ni ya kubuni, inaitwa RBTS, na hizo herufi mbili za kwanza ni jina lake. Ina mashine 11, jumla megawati 240, na mahitaji yake ya juu kabisa ni megawati 185. Waliifanya ndogo makusudi ili mwanafunzi aweze kuona kila hatua kwa macho yake badala ya kuamini kompyuta tu. Niliposoma hiyo 185 nikarudi kuangalia Gitaru. Zaidi ya 180. Tumbili mmoja alizima karibu gridi nzima ya profesa, ile ambayo wanafunzi duniani hutumia kujifunza swali la kwanza kabisa: kitu kimoja kikizima, vingine vitasimama?

Hapa lazima niwe mkweli, kabla injinia fulani hajanirukia. Billinton mwenyewe hugawanya hili jambo mara mbili. Kuna swali la kwanza: je, umeme na laini zipo za kutosha? Na kuna la pili: gridi ikipigwa kofi la ghafla, itayumba isimame, au italala? Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kwa lile la kwanza. Tumbili ni la pili. Kwa hivyo siwezi kusema kitabu chake kingezuia siku ile ya Gitaru. Ninachosema ni kwamba maswali yote mawili yana majibu ya namba, na yote mawili hujibiwa kabla ya siku yenyewe, na watu wanaolipwa kuyajibu. Kenya wakati ule ilikuwa inahitaji kama megawati 1,600 ikitumia nyingi zaidi. Kupoteza 180 ni kupoteza kama sehemu moja kwa kumi. Gridi inafaa kupangwa ikijua siku moja itapoteza kiasi hicho. Hata kama hakuna tumbili, kuna radi, kuna mti, kuna kifaa kilichozeeka.

Na tumeona hakuhitajika tumbili. Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, nchi ikazima tena, sehemu zingine hadi kesho yake. JKIA kukawa giza, jenereta ya sehemu moja ya uwanja ikakataa kuwaka, abiria wakawa wanamulikiana na simu. Kampuni ya kusambaza umeme ikataja mitambo ya upepo ya Turkana kuzima ghafla. Wenye mitambo ya upepo wakajibu kwamba walizima kujikinga na hitilafu iliyotoka kwa gridi. Bosi wa viwanja vya ndege akafutwa. Desemba mwaka huo huo, giza tena, uwanja tena, na mara hii tukaanza kusikia neno hujuma. Hujuma ni tumbili aliyevaa suti. Ni ile ile stori ya paka, kwa sauti nzito zaidi.

Sijui kama mmegundua, lakini hata mimi sai nimefanya kosa lile lile. Nimeongea kuhusu giza la nchi nzima juu ndilo hutrendi. Billinton na mwenzake Ron Allan waliandika kitabu kinachotumika sana, cha 1984, na walipanga mambo kwa ngazi tatu: mitambo ya kuzalisha, laini kubwa za kusafirisha, na usambazaji wa mwisho unaokuja hadi kwa mlango wako. Na kitu kinachojulikana kwa hii taaluma ni kwamba saa nyingi za giza za mteja wa kawaida hutoka ngazi ya tatu, huku chini. Ni ile transfoma ya mtaa inayolipuka kila mvua ikinyesha. Ni ile nguzo imeinama tangu ukiwa darasa la saba. Hiyo haina meme, haiendi kwa habari za saa moja, waziri haombi msamaha. Mtaa wenu unakaa giza siku mbili na nchi haijui.

Hesabu zake zipo, na zinatokana na hii hii taaluma. EPRA huchapisha kitu kinaitwa SAIDI: chukua saa zote ambazo wateja wote walikosa stima, gawa kwa idadi ya wateja. Ni vizuri wanaichapisha, nawapa heshima yao. Lakini ni wastani. Mtaa mmoja ukikosa stima saa 40 na mwingine wenye wateja idadi sawa usikose hata dakika, wastani ni saa 20, na hakuna mtu hata mmoja kwa hiyo mitaa miwili aliyeishi hizo saa 20. Mimi nataka namba ya mtaa wangu. Nataka namba ya transfoma yetu, imeharibika mara ngapi, na ile itakayoibadilisha itakuja lini. Hizo rekodi mtu anazo mahali, juu kila mara fundi akija huwa anaandika.

Wiki iliyopita nilimuuliza kinyozi wangu maswali ya Saskatoon. Stima ikipotea saa moja Jumanne asubuhi, unapoteza nini? Akasema hakuna, nalala. Jumamosi jioni je? Akaweka mashine chini. Vichwa vinane, kila kimoja 150, ni 1,200. Pamoja na yule jamaa aliyenyolewa upande mmoja, akavaa kofia akatoka, hakurudi hata kulipa nusu. Tukahesabu Jumamosi za giza tangu mwaka uanze na akaacha kucheka.

Halafu akaniuliza, "Sasa hii tunapelekea nani?"

Kabla bei ya stima kubadilishwa huwa kuna vikao vya kukusanya maoni ya wananchi. Tangazo huwekwa, ukumbi hukodiwa, viti vinabaki tupu, sisi tuko nje tunacheka tumbili. Safari ijayo mimi naenda na hiyo 1,200 imeandikwa kwa karatasi. Kinyozi amesema akipata mtu wa kumshikia kiti atakuja pia. Wewe piga yako, saa ngapi na shilingi ngapi, uje nayo.